Kuhesabu Si Kupima



Kupima jambo kabla ya kulitenda ni katika akili, na ni katika dini pia. Lakini twaona kuwa wengi wetu hudhani kupima ni kuhesabu: faida tatu upande huu, madhara mawili upande ule, basi tatu zimeshinda. Hiyo si mizani. Na tutoe mfano ulio mlangoni petu.

Mfugaji wa Garissa, mvua inapokawia, hukabiliwa na swali zito: auze sehemu ya ng'ombe wake wangali wanono, au angoje? Akiuza, atapata bei ya haki, na watakaobaki watatosheka na malisho. Lakini maziwa ya watoto yatapungua; kundi alilorithi kwa baba yake litakuwa dogo; na mvua ikinyesha juma lijalo, watu watamcheka. Akingoja, huenda akasalimika na yote hayo. Kwa hesabu ya vidole, kungoja kumeshinda.

Basi tuyatie mizanini. Kicheko cha watu hupita. Maziwa kupungua ni dhiki, nasi hatuidharau. Lakini aliyeuza akahifadhi fedha aweza kununua tena mvua zikirudi. Aliyefiwa na kundi lake hana cha kuuza wala cha kukama. Na anayengoja mpaka wanyama wakonde hukuta bei yao imeshuka na ya mahindi imepanda, kwani wote wauza siku moja. Kosa la kwanza lina njia ya kurudi. La pili halina. Ndiyo maana wanavyuoni wetu wakatanguliza kuondoa madhara mbele ya kuleta manufaa.

Haya tuliyaona. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua, ya gu na ya deyr, ilikatika mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika nchi kavu za Kenya. Hatusemi kuwa wote waliofiwa walikosea. Wako ambao hawakuwa na soko karibu wala mnunuzi. Twamlaumu yule tu aliyekuwa na khiari akaikimbia, kisha akakuita kukimbia kwake tawakkul.

Tawakkul si hivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Na Nabii Yusuf, pamoja na yakini yake, aliagiza nafaka ya miaka ya shibe iwekwe kwa miaka ya njaa. Hata bima ya mifugo kwa njia ya takaful, iliyoanzishwa Wajir mwaka 2013, ambayo hupima ukavu wa malisho kwa picha za setilaiti, ni kamba ya kumfungia yule ngamia.

Basi mwenye jambo afanye shura, wala asimwache nje mkewe, ambaye ndiye ajuaye maziwa ya nyumba. Kisha aswali istikhara, aazimie, atende. Na mvua ikinyesha kesho yake, asijute. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa, si kwa mawingu yaliyokuja baadaye.

Wabillahi tawfiq.