Mafuta ya siku chafu

Tandahimba hatuna bahari, lakini upepo wake tunao. Mwezi wa sita na wa saba kusi linapanda kutoka pwani, linapita Nanyamba, linatufikia kwenye mikorosho wakati ule ule tunaoutafutia utulivu. Kila anayepuliza salfa analijua hilo. Unaamka usiku wa manane, unabeba mashine mgongoni, unawahi majani yakiwa bado na umande ili unga ushike. Jua likishatoka na matawi yakaanza kutikisika, salfa yako inamnufaisha jirani. Basi unazima mashine, unakaa chini ya mkorosho, unasubiri kesho. Upepo ukikataa, mkulima hapotezi zaidi ya asubuhi moja.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu ya mabishano ya sokoni kwetu. Msimu wa kusi samaki hupungua na bei hupanda. Mama anamgeuzageuza ng'onda mkononi, anaitaja bei ya mwezi uliopita, mchuuzi anajibu, "Bahari chafu, mama." Anayenunua huyasikia maneno hayo kama lugha ya biashara tu. Mimi maana yake niliiona nikiwa ndani ya mashua, nje ya Msangamkuu.

Aliyeniombea nafasi ni kijana wa kijiji cha jirani, aliyeshuka Mtwara baada ya msimu mbaya wa korosho akawa baharia. Ananiita mjomba. Nahodha alimwuliza swali moja tu kuhusu mimi: "Anaweza kutulia?" Kama najua kuogelea hakuuliza. Mashua ilikuwa ndogo, ya mbao, mashine ya farasi 15, tanga limekunjwa kando kwa ajili ya dharura, na sisi watu watano.

Tulitoka alfajiri, upepo mwanana wa nchi kavu ukitusukuma nje bila ghasia. Tulipoupita mwamba maji yakabadilika rangi upesi. Pwani ya Mtwara haiteremki polepole. Sasa hivi uko kwenye kijani cha mwambani, punde uko juu ya kilindi, maji yameiva weusi. Na mkondo uko hapo hapo. Maji yanayovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huifikia bara karibu na Rasi Delgado, kusini ya mpaka wetu na Msumbiji, yakagawanyika: mengine hushuka kusini, mengine hupanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi na Kilwa. Kusi likivuma, mkondo huu wa kaskazini huongeza mwendo. Mashua iliyozimika mashine haibaki ilipo. Inaanza safari ya Lindi.

Nahodha hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alikuwa na mvinje mmoja mrefu ufukweni na paa jeupe nyuma yake. Vikikaa mstari mmoja, na kilima fulani kikitokeza upande wa pili, tuko juu ya mwamba wa chewa. Tukatia nanga, tukashusha mishipi, tukakaa muda mrefu bila kitu. Jua lilipopanda kusi likaamka. Mawimbi hayakuja yote pamoja. Yalikuja mawili, matatu, kikapita kitambo cha kupumua, kisha likaja moja kubwa lililovunjika kichwa kabla halijatufikia. Omo ikainama, maji yakaingia hadi vifundoni. Kijana wetu akachukua kidumu kilichokatwa mdomo, akaanza kufua maji, na hakukiweka chini tena.

Wakati huo huo samaki wakaanza kula. Akapanda changu, akapanda mwingine, kisha chewa wa kubebwa kwa mikono miwili.

"Vuteni mishipi," nahodha akasema. "Tunarudi."

"Mzee, ndiyo kwanza wanaanza kula."

"Nimewaona. Vuteni."

Nanga ya nondo ilikuwa imenasa mwambani. Walivuta wawili, haikutoka. Kila wimbi lilipoinua mashua, kamba iliuma ubao na omo ikavutwa chini. Nahodha alichomoa kisu kiunoni, akaikata. Nanga na kamba ni fedha, na mle ndani hakuna asiyejua ni fedha ya nani. Hakuna aliyesema neno.

Njiani mashine ikazima. Mashua isiyo na mashine hujigeuza ikakaa ubavu kwa wimbi, na huko ndiko kupinduka. Mmoja alishika kasia kuirudisha omo. Kijana wetu akafungua kifuniko, akachomoa plagi iliyolowa, akapapasa chini ya ubao, akatoa chupa ya plastiki iliyokatwa na kufungwa tena. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa nailoni wenye mafundo mawili, na ndani ya mfuko plagi kavu. Mafundo aliyafungua kwa meno. Mikono aliifuta kwa upindo wa ndani wa shati, mahali pekee palipobaki pakavu, ndipo akaishika plagi. Nahodha hakumtazama. Alikuwa akiutazama mvinje wake na paa jeupe, vilivyokuwa vimeachana kabisa na kuzidi kuachana. Mashine ilipowaka, aliigeuza omo kusini zaidi ya tulikotaka kwenda, ili mkondo utulipe tofauti.

Ufukweni alikuwepo tajiri, mwenye chombo. Alitazama vichwa vyetu kwanza, kisha ndoo, isiyofika hata nusu. Akauliza nanga iko wapi. Akaambiwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya." Jioni nilimwuliza nahodha nani anayalipa mafuta yale. Akanijibu kana kwamba nimeuliza jambo dogo: "Mafuta ya siku chafu hayaandikwi." Ndiyo makubaliano yao. Siku nahodha akigeuza chombo kwa ajili ya hali ya bahari, gharama za siku hiyo ni za mwenye chombo, na hakuna mjadala.

Nimekutana baadaye na mabaharia wa vyombo vingine, na kwao yanaandikwa. Mafuta, barafu, posho ya chakula, plagi, vyote vinaingia daftarini, na vinakatwa kwanza samaki wakipatikana, kabla ya mgawo wa chombo, mashine na watu. Siku mbili tatu za kurudi mikono mitupu zinatosha kumfanya baharia afanye kazi wiki nzima akilipa deni. Mtu huyo akiliona kusi linaamka na samaki wanaanza kula, haulizi tena bahari inasemaje. Anaangalia daftari.

Ndiyo maana siwezi kumsifu nahodha yule peke yake. Ana busara, ana macho, anaijua bahari yake. Lakini wapo wenye macho kama yake ambao hawana ruhusa ya kurudi. Uamuzi wa kukata kamba ile ulifanyika nchi kavu, siku tajiri alipokubali kubeba hasara. Ujasiri tunaousimulia baharini, mara nyingi ni deni lililomkaa mtu shingoni.

Sisi wa uwandani tunaujua mzigo huu kwa jina jingine. Mwezi kama huu wa salfa, mfukoni hamna kitu, mtoto anaumwa, ndipo anapobisha hodi mnunuzi wa kangomba na bei yake ya kutupa kwa korosho ambazo bado ni maua. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanzia Mtwara mwaka 2007 ulikusudiwa kumwezesha mkulima kuusubiri mnada. Bado wapo wanaouza mapema, na wengi wao minada wanaijua vizuri. Kinachowashinda ni siku zilizobaki kuifikia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari zake: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2, pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara. Ni kazi nzuri na inaokoa watu. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, serikali iliwataka watu wa maeneo ya mabondeni Mtwara wahamie sehemu za juu, na vyombo vikabaki pwani. Kenneth kikaishia kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25. Siku kama zile hakuna baharia anayebaki nyuma peke yake. Amri ni ya wote, na tajiri hana wa kumlaumu. Shida iko kwenye siku za kawaida za kusi, ambazo hazina jina wala amri, na mtu anaamua mwenyewe akiwa na watoto wake kichwani.

Na wanaokufa siku hizo hatuwaoni. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 iliundwa tume. Meli ya Skagit ilipozama karibu na Chumbe, Julai 2012, kusi likivuma, taifa zima lilisimama. Mashua ya mishipi ikipotea, wanaojua ni mtaa mmoja. Kwa miaka mingi Shirika la Kazi Duniani lilitaja wavuvi 24,000 kuwa ndio wanaokufa kila mwaka duniani. Ripoti ya FISH Safety Foundation ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa wanazidi 100,000, na ikataja umaskini miongoni mwa yanayowasukuma kwenye hatari hizo. Sikushangazwa na sababu hiyo.

Jambo ninalolitaka si kubwa. Vyama vyetu vya ushirika vinakata fedha kwenye kila kilo ya korosho kwa shughuli hii na ile, na mkulima amezoea. Kundi la wavuvi, kupitia kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha ufukwe wao, linaweza kutenga kidogo kwenye kila mnada wa samaki miezi ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, fedha hiyo ikalipa mafuta ya waliorudi miezi ya kusi. Matajiri nao waanze na kalamu: mafuta ya siku chafu yasiandikwe. Na sisi wa juu tukubali kwamba bei ya Julai haiwezi kuwa bei ya Januari. Anayemkandamiza mchuuzi sokoni Tandahimba anamkandamiza pia yule aliyeko nje ya mwamba, maana mchuuzi naye atakwenda kukandamiza ufukweni.

Wiki iliyopita kijana wetu alinipigia simu. Amerudi baharini baada ya kumsaidia mama yake kupuliza salfa. Anasema tajiri mwingine pale ufukweni amekubali kubeba nusu ya mafuta ya siku ya kurudi, baada ya mabaharia wake kugoma kwenda baharini siku mbili. Nikamwuliza nahodha anaonaje. "Anasema nusu ni pazuri pa kuanzia, mjomba. Ila yule tajiri anataka nanga ikikatwa walipe mabaharia. Hapo ndipo wanapobishana mpaka leo."