Jasho Lako Haliuzwi Kwenye Kopo

Weka hilo kopo chini kwanza. Umeambiwa limejaa antioksidanti, linasafisha damu, linazuia saratani, linashusha presha na kumrudishia mzee ujana. Aliyekuuzia ni shemeji yako, au jirani, au yule kijana mwenye tai aliyepanda basi la mkoani pale Mbezi akahubiri mpaka Kibaha bila kumeza mate. Simlaumu sana. Sehemu ya aliyoyasema ni kweli, ndiyo maana maneno yake yalinasa. Sehemu iliyobaki imekula pesa yako, na baya zaidi imekula ari yako, maana imekuaminisha kwamba ulinzi wa mwili huagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda. Ulinzi huo unao tangu tumboni mwa mama yako. Kazi iliyobaki ni kuunoa, na inaanza jioni ya leo.

Tuanze na yale ya kweli. Kila pumzi unayovuta inapeleka oksijeni kwenye seli, na ndani ya seli kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria vinavyounguza chakula kwa oksijeni hiyo ili upate nguvu ya kusimama, kufikiri na kubeba ndoo. Moto huu, kama wa jiko la mkaa, hurusha cheche. Cheche zenyewe huitwa radikali huru: molekuli zenye elektroni iliyo peke yake, inayotafuta mwenza kwa nguvu. Zikigusa mafuta ya utando wa seli zinanyakua elektroni hapo. Zikigusa protini, zinanyakua. Zikigusa DNA, zinaiachia jeraha. Mwili ukiwahi kuzizima, huna habari nazo. Zikiwazidi nguvu wazimaji, hapo ndipo kuna kile ambacho Mjerumani Helmut Sies alikipa jina mwaka 1985: mkazo wa uoksidishaji.

Na mkazo huu umeonekana katika maradhi mengi mno. Chukua mshipa wa moyo. Kolesteroli ile mbaya inapopenya kwenye ukuta wa mshipa na kuoksidishwa, chembe za ulinzi huiona kama takataka, zinaimeza, zinavimba kwa mafuta mpaka zinakwama pale pale ukutani. Utando unajengeka mwaka hadi mwaka. Siku unapopasuka, damu inaganda juu yake, na mtu aliyekuwa akicheka sebuleni anashika kifua. Au chukua kisukari: mwaka 2000 Michael Brownlee, daktari mtafiti wa New York, alionyesha pamoja na wenzake kwamba sukari ikizidi ndani ya seli zinazotandika mishipa ya damu, mitokondria huzalisha radikali kupita kiasi, na kutoka hapo uharibifu unaelekea machoni, kwenye figo na kwenye neva za miguu. Mtoto wa jicho, Parkinson, Alzheimer, selimundu, mapafu ya mvutaji: kote huko alama za vidole vyake zimekutwa. Wakati mwingine mkazo huu ndio unaoanzisha balaa, wakati mwingine unakuja baadaye na kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Sasa usiogope. Ukimaliza kusoma orodha kama hiyo unaweza kudhani tumezaliwa tukingoja kuungua. Tazama upande wa pili.

Umewahi kuoshwa kidonda kwa haidrojeni peroksaidi pale zahanati? Nesi anamimina kimiminika kisicho na rangi, na papo hapo povu jeupe linafumka juu ya nyama. Watoto hulia kwa kulitazama tu. Povu lile ni oksijeni. Peroksaidi ni ndugu wa radikali hizi, na mwili wako hutengeneza kidogo kila siku. Kinachoivunja ni kimeng'enya kiitwacho katalasi, kilichomo kwenye damu na nyama yako mwenyewe: molekuli yake moja ina uwezo wa kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde moja, ikabaki oksijeni na maji matupu. Umekiona kikifanya kazi kwa macho yako, ukadhani ni dawa inayochemka.

Na katalasi hayuko peke yake kwenye zamu. Mwaka 1956 Denham Harman wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley alitoa hoja kwamba uzee wenyewe unatokana na uharibifu wa radikali unaojilimbikiza. Miaka 13 baadaye, mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakifanya kazi na damu ya ng'ombe, waligundua kazi ya kimeng'enya kingine, superoksidi dismutasi, ambacho shughuli yake ni kukamata radikali ya oksijeni na kuigeuza peroksaidi, ili katalasi na wenzake wamalizie. Ongeza glutathioni, ambayo ini lako linaitengeneza kwa wingi usiku na mchana. Hilo ni jeshi. Halina tangazo redioni, halina semina hotelini, na hulipi chochote kujiunga.

Basi wataalamu nao walifikiri kama unavyofikiri wewe: kama radikali zinadhuru, tuwape watu antioksidanti, yaani vitu vinavyozizima, kwenye vidonge, tumalize kazi. Hoja ilikuwa nzuri. Wakaenda kuipima kwa watu, na hapa nakuomba usome taratibu.

Nchini Finland walikusanywa wanaume wavutaji sigara 29,133, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Wengine walipewa beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine vidonge bandia. Majibu yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Zaidi! Marekani nako jaribio la watu 18,314, wakiwemo wavutaji na waliofanya kazi kwenye asbesto, lilisimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 upande wa waliokuwa wakipewa beta-karotini na vitamini A. Baadaye wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani na nchi jirani walifuatiliwa wakimeza vitamini E au selenium ili kuikinga tezi dume. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Rudia kuzisoma takwimu hizo kila utakapoalikwa kwenye semina ya "uwekezaji wa afya".

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu ni zaidi ya moja, lakini kubwa ni kwamba mwili hauzichukii radikali kama tunavyoambiwa. Unazitumia. Chembe nyeupe za damu zikimnasa bakteria, humwagia radikali hizo hizo mpaka afe. Wapo watoto wanaozaliwa bila uwezo huo, na huandamwa na maambukizi mazito tangu wachanga. Radikali pia ni sauti ya kengele: zikipanda kidogo, seli inasikia, inafungua jeni za ulinzi na kuongeza wazimaji. Ukiizima kengele kwa vidonge, unawaacha walinzi wamelala.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 2009. Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwafanyisha mazoezi vijana wapatao 40 wenye afya kwa muda wa wiki nne. Nusu yao walimeza kila siku vitamini C miligramu 1,000 pamoja na vitamini E. Nusu nyingine walitoka jasho tu. Mwisho wa wiki nne, miili ya waliotoka jasho bila vidonge ilikuwa imeanza kuisikiliza insulini vizuri zaidi, na vimeng'enya vyao vya ulinzi vilikuwa vimechochewa. Waliomeza vidonge hawakupata faida hiyo. Jasho lile lile, mbio zile zile, na faida ikazimwa na kitu walichopewa kwa nia njema.

Umeelewa maana yake kwako? Ukipanda ngazi moyo ukadunda, misuli yako inarusha cheche nyingi kuliko kawaida. Hilo ndilo zoezi lenyewe. Kesho yake mwili unajipanga upya: wazimaji wanaongezwa, mitokondria zinaongezeka, na cheche za kawaida zinakuwa si kitu. Kule kuhema, kule kuchoka, ndiyo dawa ikifanya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wenyewe hauko mbali: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee juu kidogo. Gawanya kwa siku tano, ni nusu saa.

Nusu saa unayo. Shuka kituo kimoja kabla ya chako ukamalizie kwa miguu, tena kwa mwendo wa mtu anayewahi, si wa kusindikiza harusi. Acha lifti ya ofisini iwabebe wenye magoti mabovu. Jumamosi alfajiri vikundi vya jogging vinapita mtaani kwako vikiimba; umevisikia miaka yote kutoka kitandani, na ukakasirika kwamba vinakukatisha usingizi. Mara hii toka uwafuate. Utaachwa nyuma siku ya kwanza, na wako watakaokusubiri kwenye kona, maana nao waliachwa. (Mkulima anayelima kwa jembe la mkono tangu alfajiri hahitaji mhadhara wangu. Nasema na sisi wa kiti na simu.) Kama una ugonjwa wa moyo au umekaa miaka bila kujongea, anza na matembezi na umuulize daktari kabla ya kukimbia.

Upande wa pili wa kazi ni kupunguza moto wa nje. Unavuta sigara? Mvuto mmoja unaingiza kifuani radikali za kuhesabiwa kwa matrilioni, na hakuna mchicha utakaozifuta zote. Lakini sikia hili: saa 12 baada ya sigara ya mwisho, kaboni monoksidi kwenye damu yako inakuwa imerudi kiwango cha kawaida. Mwaka mmoja baadaye, hatari yako ya ugonjwa wa moyo inakuwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mwili hauna kinyongo. Umeuchoma miaka 20, na bado unakupokea. Umeshindwa kuacha mara ya kwanza? Wengi walioacha walishindwa kwanza. Jaribu tena.

Kisha kuna moshi ambao hakuna anayeuita uraibu, wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mama anayepuliza kuni na mtoto mgongoni wanavuta moshi pamoja. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo zuri, na kujaza mtungi bado ni mzigo kwa wengi, tusidanganyane. Lakini baba mwenye nyumba, zile pesa za kopo zinajaza gesi. Kama gesi bado haijawezekana, toa jiko nje, tumia kuni zilizokauka vizuri, toboa dirisha la pili. Na usimwachie mkeo vita hivyo peke yake wakati wewe umekaa barazani kwenye hewa safi.

Chakula sitakiongelea sana, kwa sababu unakijua. Mchicha, matembele, kisamvu, nyanya, mapera, maembe ya msimu: gramu 400 za mboga na matunda kwa siku ndicho kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima. Antioksidanti zimo humo, zimechanganyika na nyuzinyuzi na mamia ya vitu vingine kwa kiasi ambacho mwili umekizoea. Na yale mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa tangu juzi, yamekuwa meusi na yananata, yamekwisha oksidishwa kabla hujayameza. Yapite.

Neno la tahadhari kabla hujatupa kila kilichomo kabatini. Matone ya vitamini A anayopewa mtoto kliniki, vidonge vya madini chuma na foliki vya mjamzito, dawa za presha, za kisukari au za selimundu ulizoandikiwa na daktari: hivyo ni vitu vingine kabisa, vimepimwa na vinaokoa maisha. Usiviache hata siku moja kwa sababu ya makala, wala kwa sababu ya mhubiri wa kwenye basi. Ninalokuomba uliache ni kopo lisilo na daktari nyuma yake, linaloahidi kutibu kila kitu.

Wiki hii pita kituo cha afya kilicho karibu nawe, upime presha na sukari ujue unaanzia wapi. Andika namba utakazopewa. Ukitoka hapo, rudi nyumbani kwa miguu.