Fahali Wawili wa Zizi Moja

Msomaji mpenzi, kama umepata kusimama kando ya uwanja wa mapigano ya fahali katika nchi ya Waisukha na Waidakho, hapa Kakamega, unaijua furaha ya mahali hapo. Ngoma za isukuti hulia. Kila fahali huja kutoka upande wake, amezungukwa na watu wa kijiji chake, na kila mtazamaji ana fahali ampendaye. Watu hupiga kelele kwa sababu moja: wanaamini kwamba mwenye fahali mmoja atarudi nyumbani akiimba, na mwenye fahali wa pili atarudi kimya. Sasa fikiri kwamba, vumbi likiisha kutulia, waambiwa kuwa fahali wote wawili ni mali ya mtu mmoja. Walilala zizi moja na kulishwa kwa mkono mmoja. Je, utasema umetazama mashindano, au umetazama maigizo?

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika biashara ya motokaa ya zama zetu, fahali wengi hukaa zizi moja, na kila asubuhi hutoka kwenda kupigana mbele ya watu. Yafaa tulipime jambo hili kwa mizani ya haki, maana halihusu matajiri wa mbali peke yao.

Tuanze nyumbani. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Kakamega kwenda Nairobi kununua motokaa mpya aliweza kubisha mlango wa Toyota Kenya. Asiporidhika, aliweza kubisha mlango wa DT Dobie, wauzaji wa Mercedes na Volkswagen. Toyota ya Japani na Volkswagen ya Ujerumani ni mahasimu wakubwa, ambao huwania nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa motokaa wanazouza. Lakini mwishoni mwa mwaka 2012 Toyota Tsusho, kampuni ya biashara iliyo katika ukoo wa Toyota, ilipata sehemu kubwa ya kampuni ya Kifaransa iitwayo CFAO, na CFAO ndiyo iliyokuwa na DT Dobie. Toyota Kenya nayo ilikuwa chini ya Toyota Tsusho. Viwanda vya Japani na Ujerumani vilibaki mbalimbali, kila kimoja na mwenyewe. Lakini milango miwili ya Nairobi ikawa ya nyumba moja. Jambo hili halikufanywa gizani, bali lilitangazwa. Walakini mkulima wa miwa aliyechanga fedha na ndugu zake ili wanunue gari la abiria hasomi habari za hisa. Yamkini alitoka mlango wa kwanza kwa hasira na kuingia wa pili kwa matumaini, asijue kwamba amezunguka nyumba tu.

Ng'ambo jambo hili limekwenda mbali zaidi, maana waliokutana zizini ni waundaji wenyewe. Volkswagen ina Audi, Škoda, SEAT, Porsche, Bentley na Lamborghini. Peugeot, ambayo motokaa zake za 404 na 504 zilipata kushinda mbio za Safari na zikabeba abiria wengi katika barabara zetu, iliingia mwaka 2021 katika kampuni ya Stellantis pamoja na Fiat, Opel, Citroën, Jeep na nyingine, jumla ya majina 14.

Je, mwenye zizi la namna hii ana hatia? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mara nyingi mnunuzi wa kampuni huwa mwokozi wake. Tazama gari la Land Rover. Lilizaliwa Uingereza mwaka 1948, na babu zetu walilifahamu kuwa gari la Bwana DC na askari wake. Likapita mikononi mwa Leyland. Mwaka 1994 likawa la BMW ya Ujerumani. Mwaka 2000 likawa la Ford ya Marekani. Na mwaka 2008 likanunuliwa, pamoja na Jaguar, na kampuni ya Tata ya India. Gari la mtawala likawa mali ya watu waliokuwa wametawaliwa! Jina halikufa, wala viwanda havikugeuka magofu. Mtu aliyepata mshahara kwa ajili ya ununuzi huo hawezi kuulaani.

Tena, ndugu wa zizi moja waweza kupigana kwa kweli, hata zizi likabomoka. Mwaka 1968 Uingereza iliunganisha viwanda vyake vingi kuwa British Leyland. Austin, Morris, Triumph na Rover zikawa chini ya dari moja, lakini ziliendelea kuwania mnunuzi yule yule, kila moja na desturi zake. Mwaka 1975 serikali ililazimika kuichukua kampuni hiyo isianguke. Huku kwetu jina la Leyland lilifika Thika, kilikoanzishwa kiwanda cha Leyland Kenya mwaka 1974. Jina hilo limekwisha kuondoka, kiwanda kipo. Na mwaka 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Ndivyo yalivyo majina ya biashara: hupita kama wageni, na kazi hubaki.

Baada ya hasara za namna hiyo, wenye mazizi walijifunza werevu. Waliacha majina yawe mengi kwa nje, wakafanya chuma na injini kuwa vya namna moja kwa ndani. Na hilo pia si kosa. Mama apikaye ugali katika sufuria moja na kuupakua katika sahani nyingi hajamdanganya mtu, maadamu walaji wanajua kwamba sufuria ni moja.

Kosa lipo pale ambapo mlaji hajui. Mwezi wa Septemba 2015 ilifichuliwa kwamba Volkswagen iliweka katika motokaa zake za dizeli programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Motokaa zipatazo milioni 11 zilihusika duniani. Na hazikuwa za jina la Volkswagen peke yake, bali za Audi, Škoda na SEAT pia. Mtu aliyesema, “Siitaki Volkswagen, nitanunua Škoda,” huenda alikuta injini ile ile na hadaa ile ile. Alidhani amechagua, kumbe alichaguliwa.

Labda utaniuliza, “Mnunuzi ataka gari zuri kwa bei ya haki, mwenye kampuni anamhusu nini?” Swali lako ni jema, na jibu langu ni hili. Bei ya haki hailetwi na huruma ya muuzaji. Huletwa na hofu yake ya kukupoteza. Hofu hiyo ndiyo mlinzi wako, ijapokuwa humwoni wala humlipi. Unapomwacha muuzaji mmoja ukaenda kwa mwingine, mguu wako unasema neno ambalo kinywa chako hakina nguvu ya kulisema. Lakini milango yote ikiwa ya mtu mmoja, mguu wako hausemi neno. Waweza kuondoka kwa kishindo, naye atakungoja kwa tabasamu upande wa pili.

Kwa hiyo uhuru wa kuchagua una nguzo mbili: wingi wa vitu, na ukweli juu ya vitu. Nguzo moja ikikosekana, nyumba huanguka. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na anachonunua. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka huo huo hutaka muungano mkubwa wa makampuni upimwe kabla ya kukubaliwa. Sheria hizo ni njema, lakini sheria haiwezi kuuliza swali ambalo raia mwenyewe amechoka kuliuliza.

Nawe, msomaji, hutanunua motokaa kesho. Lakini kila siku wanunua maoni. Utasikia sauti kumi zikibishana, ukadhani umesikia pande kumi, kumbe zote zimelipwa na mkono mmoja. Kabla hujashangilia, uliza: fahali hawa ni wa nani? Na siku utakapokuwa na zizi lako mwenyewe, wapeleke fahali wako uwanjani wakiwa na alama yako mahali panapoonekana. Mtu asiyeona haya kusema “wote ni wangu” ameanza kuwa mwaminifu; na mtazamaji ajuaye hivyo ataamua mwenyewe kama atakaa au ataondoka.