Kaa wa Mto Tana: Je, ni Samaki?

Mtu wa pwani aliyehamia Garissa humwona kaa ukingoni mwa Mto Tana, akatamani kumla. Jirani yake mfugaji humwambia: huyo ni mdudu, haramu! Naye hujibu: katoka majini, basi ni samaki. Wote wawili wamefanya haraka.

Wataalamu wa wanyama humweka kaa kundi moja na kamba, kwa gamba lake na miguu yake kumi. Samaki si yeye, maana hana uti wa mgongo. Lakini mafakihi hawakuuliza habari ya uti. Waliuliza, aishi wapi? Imamu Nawawi katika Minhaj amemhesabu pamoja na chura, miongoni mwa waishio bara na majini, nao ni haramu. Katika Majmuu akapanua: vya baharini vyote ni halali ila chura. Na Tana si bahari. Wamaliki humla, Wahanafi hawali cha majini ila samaki.

Mimi nimeishika Minhaj, simli. Wala simwiti fasiki amlaye kwa kauli ya Imamu Malik. Linalonihuzunisha ni yule aliyechukizwa na umbo lake tu, akalipa karaha lake jina la sheria. Mtume (s.a.w.) aliandaliwa dhabu, mnyama wa jangwani afananaye na kenge, nafsi yake haikumpenda, akamwacha, na Khalid bin Walid akamla mbele yake, asimkataze.

Ama kamba, yeye hakai nchi kavu, na kwetu Mashafii ni halali. Alichoshirikiana na kaa ni gamba.