Maharage Hayamo Kwenye Mswada

Mjukuu wangu, mswada wako nimeumaliza. Nimeusoma wote, hata zile kurasa ambazo nadhani wewe mwenyewe hukuzirudia. Uliniomba nikwambie kweli, ukaapa hutakasirika. Wote huapa hivyo. Nilikaa kwenye kiti cha uhariri muda wa kutosha kujua kwamba anayeomba kweli mara nyingi anaomba sifa, na simlaumu, maana kuandika ni kujianika uwanjani mchana kweupe. Ila mimi nimeshachoka, mwanangu, nguvu za kupambapamba maneno sina. Kaa kitako unisikilize.

Kipaji unacho. Hilo nalisema mara moja, tusilirudie.

Tatizo lako nitakuonyesha kwenye sura ya tatu. Pale umeandika habari za mama aliyechukua mkopo wa kausha damu, marejesho yakamshinda, wenzake wa kikundi wakaja kubeba vyombo vya ndani. Ni jambo zito, na mitaani kwetu si geni. Wewe ukaandika kwamba mama yule alikuwa na huzuni isiyo na kifani, machozi yakamtiririka kama mto Rufiji, moyo ukampasuka vipande vipande. Nikapita. Sikuhisi kitu. Baadaye tunakunywa chai, ukanisimulia kwa mdomo kwamba kisa chenyewe kilitokea kwa jirani yenu: wale akina mama walitoa televisheni, wakatoa godoro, halafu mmoja akaingia jikoni akafungua mtungi wa gesi, na maharage yako motoni hayajaiva. Mwenye nyumba akabaki anauliza, "Sasa haya maharage?" Hakuna aliyemjibu. Hapo nikaweka kikombe chini. Nikarudi kwenye mswada kuyatafuta maharage. Hayamo!

Unaona ulichofanya? Kitu cha kweli ulikuwa nacho mkononi, ukakiacha nyumbani, ukaenda kuazima mto Rufiji. Na najua kwa nini. Ulidhani maharage hayana hadhi ya kuingia kitabuni. Umesoma mahali kwamba huzuni ni machozi na mito, na urembo ni kiuno cha nyigu na meno meupe pe, basi ukadhani uandishi ndio huo. Maneno hayo yalipoandikwa mara ya kwanza yalikuwa na ladha. Sasa yameshapita mikononi mwa watu wengi mno, msomaji anayaruka bila kujijua. Lakini yule mama na sufuria yake, hakuna mwingine aliyenayo isipokuwa wewe. Andika mtungi unavyofunguliwa. Andika nani aliinama kuufungua, na kama alimtazama mwenye nyumba usoni au alitazama pembeni, maana wiki iliyopita walikuwa wameketi mkeka mmoja. Ukishaandika hayo, neno huzuni lifute, msomaji atalitia mwenyewe.

Ukitaka kuona kazi hiyo ikifanywa na fundi, chukua Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979. Inaelekea kwenye mgomo wa Unguja wa 1948, mambo makubwa ya wafanyakazi na wakoloni. Mwandishi mwenye pupa angeanza na mgomo. Yeye hana haraka. Anakukalisha kwanza na makuli, kwenye mizigo yao na kwenye umaskini wa nyumba zao, hata mgomo unapofika unawajua wanaogoma. Isome na kalamu mkononi. Kila ukurasa unaokushika, simama ujiulize umeshikwa na nini. Najua unasoma, kila nikikukuta unasoma kwenye simu. Lakini unasoma kama mtu anayekimbilia basi, unataka kujua nani kamuua nani. Mwandishi anasoma mara ya pili, akishajua muuaji.

Ulinilalamikia pia kwamba Kiswahili chako ni cha Mbagala, hukulelewa Unguja wala Lamu, maneno matamu huna. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, ziwani huko, nyumbani kwao wanazungumza Kikerewe. Riwaya yake Rosa Mistika aliitoa 1971, na akaiweka huko huko kisiwani kwao. Hakungoja azaliwe upya pwani. Mbagala ina lugha yake, na tatizo ni kwamba wewe huisikilizi. Konda wako kwenye sura ya tano anasema, "Ndugu abiria, naomba unipatie nauli yako tafadhali." Konda gani huyo? Wa gari gani? Mimi na uzee wangu huu nikipanda daladala nasikia, "Mzee wangu, nauli hiyo, sogea nyuma kidogo, nyuma kweupe." Watu wako wote wanazungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari. Mama ntilie, polisi, mtoto wa darasa la pili, wote sauti moja, na sauti hiyo ni yako wewe ukiwa umevaa suti. Kakae kituoni Rangi Tatu nusu saa, simu iwe mfukoni. Sikiliza tu. Watu hawamalizi sentensi. Wanajibu swali ambalo hawakuulizwa. Mwenye deni anazungumzia mvua.

Sasa tuje kwenye lile usilolipenda. Mswada huu ni rasimu. Uliniambia umemaliza, nikacheka moyoni. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa 1963, nchi yenyewe bado changa, mambo yamemzonga. Kitabu kimetoka, watu wamekipokea, mwingine angefunga daftari. Yeye akakirudia tena, mpaka toleo jipya likatoka 1969, Juliasi Kaizari. Rais alipata wasaa wa kurudi kwenye mistari yake mwenyewe na kuikosoa. Wewe unauza dukani kwa shemeji yako na kuanzia saa tatu usiku huna kazi. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha, tangu 1926 hadi 1944. Hakulipwa mshahara wa kutunga. Alikuwa na ofisi ya kwenda asubuhi kama watu wengine. Kwa hiyo hilo la muda tuliache.

Kurudia nako kuna namna yake. Wengi wanafungua faili, wanasahihisha herufi tatu, wanabadilisha "lakini" kuwa "ila", wanasema wamehariri. Wewe fanya hivi. Uweke mswada kabatini mpaka usahau baadhi ya sentensi zako. Kisha usome kwa sauti, mlango umefungwa kama unaona haya, na kila ulimi unapokwama tia alama, usibishane nao. Nimekuwekea chache kwa penseli. Umeandika, "Alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na tabia ya kupenda kuchelewa kila siku." Andika, "Alizoea kuchelewa." Hayo mengine yote yalikuwa yanafanya nini pale? Ukurasa wa nane umeandika, "Alifungua kinywa chake na kuanza kuzungumza maneno." Alisema, mwanangu. Alisema, basi.

Sura ya kwanza itoe yote. Najua inauma, najua ndiyo uliyoiandika mwanzo na ndiyo uliyompelekea mchumba wako. Shujaa anaamshwa na kengele ya simu, anapiga mswaki, anaoga, anavaa, anakunywa chai, na mpaka anafika mlangoni nimeshakunywa yangu na kuosha kikombe. Hadithi yako inaanza siku mama alipotia sahihi kwenye karatasi za mkopo bila kuzisoma. Uliificha katikati ya sura ya pili.

Alama za mshangao punguza. Tatu kwa mpigo haziogopeshi mtu. Aya ziwe na pumzi, na nukta uiheshimu.

Kuna hili la kundi lako la WhatsApp, nimeliweka mwisho kwa sababu najua ndipo roho yako ilipo. Unatupia sehemu kila Ijumaa, chini unaandika "Inaendelea", watu mia wanakujibu kwa vidole gumba na mioyo, wanauliza sehemu inayofuata lini. Sikukatazi. Hata sisi tulisubiri hadithi za magazetini kwa hamu, na zilituzoesha kusoma. Lakini angalia hizo sehemu zako za Ijumaa zinavyokufanya. Kila sura yako sasa inaishia na mlango unaogongwa usiku, au simu kutoka namba isiyojulikana, au mtu anayezimia. Nimehesabu watu waliozimia nikaacha. Ukiziunganisha sura hizo ziwe kitabu, msomaji anachoka na milango. Na wale mia hawatakwambia, maana wao wanasoma sehemu moja kwa wiki, na wanakupenda. Tafuta mtu mmoja asiyekuogopa wala asiyekuonea wivu. Mtu wa namna hiyo ni adimu, akipatikana mshike, hata kama ana kisirani.

Umeniuliza habari za wachapishaji na za tuzo. Siku hizi tuzo zipo, ya Mwalimu Nyerere nyumbani hapa, na ya Safal zamani ikiitwa Mabati-Cornell, na mimi nafurahi, zamani zetu hazikuwapo. Peleka, lakini usipeleke huu. Mchapishaji akikukatalia kwa rasimu mbovu, mara ya pili anauona mswada wako na kukumbuka ule wa kwanza. Na haraka ya nini? Shaaban Robert alifariki 1962. Kufikirika ilitoka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikatoka 1968. Hakuvishika vitabu hivyo mkononi vikiwa na jalada. Sikwambii ungoje kaburini, nakwambia kazi aliifanya mpaka mwisho hata bila kujua nani ataichapisha lini, na leo wanafunzi wanavunjika vichwa kwa ajili yake.

Basi nimesema mengi, na koo limekauka. Mswada wako huo hapo mezani, penseli imejaa, usitishike, nyingine nilikuwa najaribu tu kama ina ncha. Mswada mzima usinirudishie mwaka huu, sitausoma. Niletee sura ya tatu peke yake, uiandike upya bila kuchungulia hii ya zamani, na mtungi wa gesi uwemo. Ichape kwa herufi kubwa, na uje asubuhi. Ikishapita alasiri macho haya yanaona ukungu, nitakusifia bure.