Ujana Wenye Akili za Uzee

Ukikaa na wastaafu kwenye kijiwe cha kahawa, wakishamaliza Simba na Yanga na kulalamikia kikokotoo cha mafao, hawakawii kufika kwenye swali lile lile: ungerudishiwa ujana, ungefanya kazi gani? Hakuna anayesita. Mhasibu angelima parachichi Njombe, askari angesomea sheria, na mwalimu angefanya chochote kile ilimradi si ualimu. Ni nadra kumsikia mtu akisema angerudia kazi yake, na akisema hivyo wenzake humtazama kama anayeficha jambo.

Majibu hayo, naona mimi, yana udanganyifu ndani yake, ingawa wanaoyatoa ni watu wakweli.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, husema angekuwa mpima ardhi. Ualimu aliuingia kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1974 TANU iliamua pale Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundisha huku na wao wakifundishwa. Hoja yake ya upimaji ni viwanja. Wapima wa rika lake, asema, walijipatia viwanja Tegeta wakati Tegeta ni mashamba, na leo wanakula kodi za nyumba. Wakati anayaeleza hayo gazeti liko magotini na kalamu nyekundu iko mkononi. Akikuta “hajali” imechapwa “ajali”, anaizungushia duara, anaguna, kisha anarudi kwenye viwanja.

Hebu tumtazame vizuri huyu anayetaka kurudi. Anayechagua upimaji si kijana aliyetoka juzi darasa la saba, ambaye angepewa shamba la Tegeta bure angeuliza la kazi gani. Anayechagua ni mzee aliyekwisha kuona bei za ardhi zilivyopanda. Anautaka mwili wa yule na akili za huyu. Lakini akili hizo kazipata wapi? Nyingi kazipata kwenye ubao na chaki, kwa wazazi wakorofi, kwa watoto waliomshinda na wale aliowashinda. Mwondolee ualimu, na huyo anayeulalamikia ualimu hayupo tena, yeye na kalamu yake nyekundu. Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, anaeleza kwamba yapo maamuzi ambayo mtu hawezi kuyapima kabla ya kuyaishi, kwa sababu akishayaishi hawi tena yule aliyekuwa akipima. Mfano wake mmoja ni kupata mtoto. Nami naongeza kazi ya maisha yote, maana nayo humlea mtu kama vile mtoto anavyomlea mzazi wake.

Halafu kuna upendeleo wa macho. Kazi tuliyoifanya tunaijua pamoja na vumbi lake, lakini ile ya jirani tunaijua kwa nyumba aliyojenga. Mwalimu wetu hamwoni mpima akilala porini wiki nzima, wala akiwa amesimama kwenye bikoni kati ya ndugu wawili wenye mapanga.

Wala tusidhani njia za maisha zinaachana moja kwa moja kama zinavyoonekana kwenye majuto. Mwaka 1955 Julius Nyerere alitakiwa achague kati ya kufundisha Pugu na siasa za TANU, akaacha kazi. Je, aliuacha ualimu? Nchi nzima iliendelea kumwita Mwalimu, na akiwa Ikulu alipata muda wa kutafsiri tamthilia za Shakespeare. Kwa mema na kwa mabaya, aliongoza kama mtu aliyeshika darasa: hotuba zake zilikuwa vipindi, nasi raia tulikuwa wanafunzi, wengine wa kupenda na wengine wa kulazimishwa.

Sitaki hata hivyo hoja hii iwakanyage wote. Yuko mama anayekaanga mandazi kituoni, ambaye shule ilimkatikia alipopata mimba, miaka ambayo Tanzania ilikuwa haimruhusu msichana wa namna hiyo kurudi darasani. Ruhusa ilitolewa Novemba 2021, yeye akiwa na wajukuu. Akisema angekuwa muuguzi, haoti ujana. Hakuchagua vibaya, kuchagua kwenyewe hakukuwa kwake. Wazee wa kijiweni wana majuto, yeye ana madai, na kumwambia ashukuru maisha aliyopata ni kumdhulumu mara ya pili.

Majuto ya kijiweni yangeishia kijiweni, nisingehangaika nayo. Tatizo ni kwamba yanarudi nyumbani na kukaa mezani pamoja na fomu za watoto. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, juu ya 16 zilizokuwapo. Kwenye nyumba nyingi bado ziko mbili tu: PCB ya baba aliyetaka kuwa daktari na PCM ya mama aliyetaka kuwa mhandisi. Mtoto anapenda historia, lakini anapelekwa kuishi maisha ambayo mzazi hakuyaishi, kwa hiyo hayajui.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikuuliza asome nini, usimwambie wewe ungesoma nini. Msimulie siku yako moja ya kawaida kazini: uliamka saa ngapi, nani alikufokea, mshahara uliisha tarehe ngapi, na ni kitu gani kilichokufanya kesho yake urudi tena. Hayo unayajua kwa hakika. Ukimaliza, mwachie fomu aijaze mwenyewe.