Uzuri Huu Kaulipia Nani?

Kuna kauli moja inayopendwa sana na wasanii, hasa wakishakaa kijiweni: ati msanii wa kweli lazima aumie. Mshairi alale njaa, mchongaji akatwe na patasi, mchoraji akohoe. Asiyeumia, wanasema, huyo anacheza tu. Ndugu msomaji, nataka tuipime kauli hii. Mizani yangu ni kazi ya kuchapa picha kwa bamba la shaba, ambayo mimi, mhitimu wa kidato cha nne mwenye ndoto ya kuandika riwaya, nimekuwa nikijifunza kwenye karakana ya msanii mmoja hapa Dar es Salaam.

Kazi yenyewe iko hivi. Unalipaka bamba kitu cha kuzuia tindikali, kisha unachora kwa sindano mpaka shaba ionekane. Bamba linatumbukizwa kwenye dawa, na dawa inakula pale tu palipochorwa. Ukishalisafisha unalipaka wino, unaufuta juu ili ubaki kwenye mifereji, unaweka karatasi yenye unyevu, halafu vyote vinapitishwa chini ya roli la mashine. Picha inatoka imegeuka, kama uso kwenye kioo. Wala kazi hii si ngeni kwetu. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa jijini humu mwaka 1972, iliifundisha, na hata George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliifanya.

Sasa tuje kwenye sumu. Kwa miaka mingi dawa iliyotumika sana ilikuwa tindikali ya nitriki. Inapokula chuma hutoa moshi wa kahawia, na moshi huo una hila: unaweza kuuvuta mchana ukajiona mzima, usiku mapafu yakaanza kujaa maji. Ili kupata vivuli, bamba lilinyunyiziwa unga wa utomvu wa msonobari, na unga huo huleta pumu. Francisco de Goya wa Hispania alitumia vivuli vya namna hiyo katika picha zake 80 za Los Caprichos, zilizotoka mwaka 1799. Wino nao ulifutwa kwa tapentaini, kichwa kikauma mpaka jioni.

Sisi tunafundishwa njia nyingine. Dawa yetu ni kloridi ya feriki, chumvi ya chuma iliyoyeyushwa katika maji. Inakula shaba bila ule moshi. Mwaka 1997 Friedhard Kiekeben, akiwa Edinburgh huko Uskochi, alikuja na njia ya kuichanganya na asidi ya sitriki, ile ile inayofanya ndimu iwe kali, ili mashapo yasizibe mistari. Wino tunaufuta kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni. Basi.

Siku moja alipita mzee mmoja, msanii wa siku nyingi. Tukamwamkia. Akavuta hewa puani, akacheka: "Wajukuu zangu, mbona hapa hapanuki kitu? Hii kazi au mchezo?" Hakuna aliyembishia, mzee ni mzee. Lakini swali lake linastahili jibu. Je, hatari ikiondoka, thamani ya kazi inapungua?

La hasha! Hakuna anayesimama mbele ya picha ya Goya akaisifu kwa sababu kuna mtu alikohoa. Jasho na sumu ni vitu viwili. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema sharti anywe sumu. Na kuinama kungalipo, jamani. Kufuta bamba moja vizuri kunachosha mkono mpaka begani. Goya hakuwa na njia tuliyo nayo leo. Sisi tunayo, na ukishajua huwezi tena kujidai hujui.

Isitoshe, kauli ile ya "msanii lazima aumie" inaficha jambo. Mtu mzima akiamua kuyachoma mapafu yake mwenyewe, pengine tumwachie. Lakini moshi hauna adabu ya kumchagua mwenye jina. Unamwingia mwanafunzi anayeogopa kuuliza, dada anayefagia, mtoto aliyebebwa mgongoni. Picha ikiuzwa, jina chini ya karatasi ni moja. Kikohozi ni cha wengi.

Tusijipigie makofi mapema, lakini. Jina "isiyo na sumu" nalo lina ujanja wake. Dawa yetu bado inaunguza macho, ndiyo maana tunavaa miwani na glavu. Tena wiki ya kwanza mwalimu wetu alisimama kando ya beseni akauliza: "Maji haya yanakwenda wapi?" Tukaangaliana. Dawa iliyokwisha kula shaba imebeba shaba, na shaba, hata kidogo, inaua viumbe wa majini. Ukiimwaga mtaroni umejiokoa wewe, sumu umemtumia jirani aliye chini ya mtaro. Basi tunaitia magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Povu linapanda, mashapo yanatulia, tunayachuja na kuyafungia kwenye ndoo. Ndoo hiyo ipo kona mpaka leo, inamngoja mtu wa kuipokea ipasavyo. Kila nikiiona inanikumbusha kwamba sumu haikwisha; tumekubali tu kukaa nayo sisi wenyewe badala ya kumpelekea mwingine.

Na sisi wa kalamu tusijione wasafi. Mwandishi anayechukua aibu ya shangazi yake akaifanya sura ya tano, bila kumuuliza, bila hata kubadili jina la mtaa, naye anamwaga maji mtaroni. Riwaya itasifiwa. Shangazi hatapita tena sokoni kichwa juu.

Jibu langu basi ni hili. Sanaa ina gharama, na anayesema haina anadanganya. Ila anayetaka sifa awe wa kwanza kulipa, na asiyeulizwa asilipishwe. Kabla hatujasema kazi ni nzuri, tuulize maji yake yamekwenda wapi.